Maji ya Kwanza ya Mchunga

Dada yangu aliacha dawa za sukari kwa sababu ya neno moja nililolisema kwenye benchi la kliniki, na neno lenyewe lilikuwa la uongo. Naliweka hapa mwanzoni kabisa ili msomaji asije akaanza kunihurumia njiani. Nitatania hapa na pale, ndiyo tabia yangu, lakini mkosaji ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Chanika, Handeni. Nashona sare za shule, napunguza suruali za waliokonda na kuongeza za walionenepa. Za kwangu nilikuwa naongeza tu. Ni mtu wa ndani. Wapo watu hawatulii mpaka wafike Tanga au Dar. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kwenye cherehani hadi jikoni, na hiyo nayo kama chai imekwisha. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata cheti ambacho mpaka leo hakuna aliyewahi kuniomba nimwonyeshe. Mke wangu alitangulia mbele ya haki, wanangu wana miji yao huko mbali, nikabaki na cherehani, redio na birika. Chai yangu ilikuwa ya vijiko vitano vya sukari. Watu nilikuwa nawaambia vinne. Cha tano nilikihesabu kuwa cha kukorogea.

Siku muuguzi wa kliniki ya sukari aliponitoboa kidole, kipimo kikasoma kumi na tano. Ni mama mwembamba, asiyecheka na mgonjwa. Akaniuliza kama vidonge nameza. Nikasema nameza, mama. Akasema, "Hebu nivione." Nikatoa pakiti mfukoni, imejaa kama nilivyokabidhiwa.

"Baba," akasema, "ukirudi hapa hivi hivi, tunaanza sindano. Kila siku, tumboni, unajichoma mwenyewe."

Nimeishi kwa sindano miaka thelathini. Ninazo za kila namba. Lakini hiyo ya tumboni iliniogopesha, na katika woga ule nikafanya kosa la kwanza: nilimpigia simu dada yangu.

Dada yangu ananizidi miaka saba. Anaishi Old Korogwe, kule chini karibu na mto, analima mboga na kuziuza sokoni. Sukari alianza kuugua yeye, mimi nikafuata, kama ilivyo adabu. Kabla yetu alikuwa mama, ambaye sukari ilimkata mguu kwanza, kisha ikarudi kumalizia kazi. Kwa hiyo nilipomwambia dada habari za sindano, hakusema pole. Alisema, "Mjinga we. Nakuja."

Alikuja siku ya tatu yake, na kiroba cha mchunga kichwani.

Asiyeujua mchunga amshukuru Mungu. Ni mboga ya porini, inaota yenyewe mashambani baada ya mvua, majani membamba, ukivunja shina linatoa utomvu mweupe. Ni chungu. Simaanishi chungu kama kahawa. Nasema chungu kama taarifa ya msiba. Wazee wetu waliila miaka yote, lakini walikuwa na utaratibu: unauchemsha, unamwaga maji ya kwanza, pengine na ya pili, halafu ndiyo unaunga kwa tui la nazi au karanga. Mama alikuwa anamwaga maji yale nyuma ya jiko, yakiwa ya kijani yanayokaribia weusi, akisema, "Nenda na uchungu wako."

Dada yangu alikuwa amekaa na jambo hilo kichwani muda mrefu, na alikuwa amefikia uamuzi. Siku ile ile aliyofika, alichemsha mchunga, akachuja maji ya kwanza, akayatia kwenye chupa ya chai. Chupa yangu.

"Hii ndiyo dawa," akasema. "Mama alikuwa anamwaga uzima wake nyuma ya jiko kila siku, sisi tunamtazama. Angekunywa haya maji, angekuwepo."

Ningekuwa na akili ningeona hapo hapo kwamba hazungumzii mboga. Lakini mimi nilikuwa natazama chupa yangu ya chai.

Vita ikaanza asubuhi ya pili. Kwetu, mkubwa anaamkiwa hata kama jana mlirushiana vyombo. Basi ikawa hivi kila siku:

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekunywa?"

"Nimesema shikamoo, sijasema niko kwenye mahojiano."

"Nami nimeitikia. Kikombe hicho."

Sukari ya chai aliifungia kwenye begi lake la nguo, ufunguo shingoni. Ugali akanipimia kwa ngumi, tena ngumi yake si yangu. Mchana mchunga na kunde, jioni mchunga na maharage, siku ya kubadilisha ni mnavu, ambao nao si rafiki wa mtu. Akanikabidhi vidonge asubuhi na jioni, akinitazama koo linapopanda na kushuka. Vya kwake alimeza pamoja nami, akilalamika kwamba vinampasua tumbo, kwamba siku za soko hawezi kukaa kwenye meza yake saa nzima bila kukimbilia choo cha watu.

"Wewe umezoea kukaa," nikamwambia, "kimbia kidogo, ni mazoezi."

"Tumbo kama gunia la pumba, bado mdomo unafanya kazi."

"Gunia la pumba ndilo linalokulisha hapa."

"Unanilisha nini? Mchunga niliuleta mimi."

Kweli aliuleta yeye. Ulipokwisha akachuma mwingine kwenye mashamba ya nyuma ya mji, akiwaeleza wapita njia wote, bila kuulizwa, kwamba ni wa mdogo wake anayekufa.

Maji yale nilionja mara moja tu. Ulimi ulijikunja kama jani la mgomba kwenye moto. Tangu siku ile, dada akinipa kikombe, nakipeleka kwenye cherehani barazani, nakaa nacho kama mtu anayeburudika, na anapoinama jikoni namimina chini ya mpapai ulio pembeni ya baraza. Ulikuwa mpapai mzuri, niliupanda mwenyewe, unazaa mapapai marefu yenye nyama nyekundu ambayo nayo nilikatazwa. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Maji ya moto. Baada ya wiki chache majani yakaanza kuwa ya njano, moja moja likaning'inia na kuanguka. Dada akautazama mpapai, akatazama nyumba ya jirani, akasema, "Kuna jicho hapa." Akamnunia jirani yangu, mama wa watu, mpaka siku aliyoondoka. Akisalimiwa anaitikia ukutani.

Mimi niliinamia cherehani. Nilikuwa nageuza kola.

Kuna siku nilikimbilia mjini kununua uzi, si kwamba uzi ulikwisha, nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna anayetazama koo langu. Duka la vitambaa ni la bibi mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Handeni na baba yake pia. Nikamlalamikia habari za mchunga. Akacheka. Akasema kwao wanakula karela, kama tango lenye vinundu, nayo chungu hivyo hivyo, inakaangwa na vitunguu na bizari, na uwatu wanautia kwenye kila kitu. "Lakini ni chakula, fundi," akasema. "Mimi nakula karela, halafu nameza kidonge changu. Kwani wanagombana?" Nilimwona ana akili kuliko ukoo wetu wote, nikanunua uzi ambao sikuwa na haja nao.

Ikafika siku ya kliniki. Dada alinisindikiza kama askari anayepeleka mahabusu. Tulikaa kwenye benchi la nje, wagonjwa wengi, kila mtu na kadi yake. Nikaitwa, nikatobolewa. Saba.

Muuguzi akapima tena, maana hakuamini kipimo au hakuniamini mimi. Saba. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza: chai bila sukari, ugali wa ngumi, mboga chungu, kunde, vidonge kwa wakati, na kutembea, kwa sababu kukaa nyumbani na dada yangu kulikuwa kugumu kuliko kutembea. Mwishoni, kwa sauti ndogo, nikamuuliza kama kweli uchungu wa mchunga unaweza kushusha sukari.

Akavua miwani. Akasema mimea ina vitu vyake vingi ndani, vinavyotia uchungu, vinavyotia ukakasi, vinavyotia rangi, na vingine watu wa maabara wanavichunguza kuona vinasaidia nini kwenye sukari. Mboga za majani na kunde ni nzuri, nile sana. "Ila mmea hautengenezi uchungu ili ukutibu wewe," akasema. "Unautengeneza ili mdudu asiule. Kikombe kimoja kina kiasi gani, hakuna anayejua. Kidonge tunajua. Mboga kula, dawa meza. Usiniletee habari za kuacha."

Mdudu mwenye akili anaonja na kwenda zake. Nilifikiri hilo huku nikitoka, nikafurahi, nikasahau mengine yote aliyosema.

Nje, dada alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. "Ngapi?"

"Saba."

Akasimama. Mwanamke mfupi, lakini alisimama mpaka benchi zima likamtazama. "Kumi na tano mpaka saba!" akawaambia watu asiowajua. "Maji ya mchunga! Yale maji ya kwanza, mnayomwaga! Msimwage!"

Watu wakasogea. Bibi mmoja aliyevaa kanga ya kijani, mguu wake mmoja umefungwa bandeji, akanivuta shati. Akaniuliza taratibu, kwa heshima, ingawa ningeweza kuwa mwanawe, "Ni kweli, baba? Ni maji hayo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Dada alikuwa anang'aa. Miezi ile yote sikuwahi kumwona hivyo. Sikumwona hivyo tangu kabla mama hajakatwa mguu. Na mimi nilikuwa naona haya kusema mbele ya umati kwamba nilikuwa namwagia mpapai kwa siri kama mtoto anayetupa uji. Nikatabasamu kama bwana harusi.

"Kweli," nikasema.

Dada alirudi Old Korogwe siku ya pili. Aliniachia ufunguo wa begi, begi akaondoka nalo, na sukari ndani. Ndivyo alivyo. Nikakaa kwa amani, nikiwa mwembamba, nikijisifu kwa wateja. Mpapai ukafa moja kwa moja, nikaukata.

Wiki kadhaa baadaye akapiga simu. Sauti ya ushindi. "Nimeviacha," akasema.

"Umeacha nini?"

"Vidonge. Nakunywa maji yangu tu, asubuhi na jioni. Tumbo limetulia kama la mtoto. Sokoni nakaa mpaka jua linazama. Kama wewe, gunia la pumba, yamekusaidia, mimi nitashindwa?"

Niseme nilimwambia ukweli hapo hapo? Sikumwambia. Nilisema, "Dada, muuguzi alisema tusiache." Akasema muuguzi analipwa kusema hivyo. Nikasema, "Angalia tu." Akakata simu. Nikashona suruali mbili za kijana wa sekondari, zote nikaweka zipu nyuma mbele.

Simu iliyofuata alipiga jioni, na sauti haikuwa ya ushindi. Alisema anakunywa maji mengi na bado ana kiu. Nyayo zinawaka. Asubuhi alimpa mteja fungu la matembele badala ya mchicha kwa sababu macho yana ukungu. "Itakuwa maji nachanganya mno," akasema. "Nitayafanya mazito zaidi."

Hapo nikaona mguu wa mama. Sitautaja tena.

Asubuhi nikafunga cherehani, nikapanda gari la kwenda Korogwe. Mtu ambaye hajavuka Handeni kwa miaka mingi akisafiri, mtaa mzima unajua. Jirani yule aliyenuniwa aliniuliza nani amefariki. Nikamwambia bado.

Nilifika saa tano. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, kopo la maji pembeni, chupa ya chai pembeni, amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Mimi niliyekonda nilisifiwa. Yeye kukonda kwake kulitisha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umefuata nini?"

Nilikuwa nimepanga hotuba ndani ya gari, yenye utangulizi na hadithi ya kuchekesha. Ikanitoka yote. Nikasema, "Sikunywa."

"Hukunywa nini?"

"Maji ya mchunga. Nilionja siku ya kwanza tu, basi. Nilikuwa nameza vidonge, nakula ulichonipikia, natembea. Maji sikunywa hata kikombe kimoja."

Alinitazama kwa macho yake yale ya ukungu. "Nilikuwa nakuona na kikombe."

"Nilikuwa namwaga."

"Wapi?"

"Kwenye mpapai."

Nikaona anavyolirudia hilo moyoni, anahesabu, jani kwa jani. "Nilimnunia yule mama wa watu," akasema. "Mpaka naondoka. Nilimwita mchawi kwenye sala zangu."

"Najua."

"Ulikuwa unajua. Umekaa hapo kwenye cherehani yako unajua."

Halafu akabadilisha lugha. Kiswahili cha dada yangu ni cha sokoni na cha kuamkiana. Matusi yake yako kwenye Kizigua, lugha ya mama, ambako kila neno limekaa kwenye mizizi. Alinianzia kwenye kichwa akashuka. Nilikuwa nimevua viatu, nimesimama uani kwake, mtu mzima mwenye wajukuu, nasomewa ukoo wangu ambao ni wake pia. Alipochoka, alifungua chupa ya chai, akamimina kikombe mpaka ukingoni. Yalikuwa meusi. Ndiyo mazito zaidi aliyoyasema.

"Kunywa."

"Dada..."

"Kunywa yote nikuone. Ukimaliza, nitakufuata popote unakotaka."

Nikanywa. Nilijaribu kubana pua, akasema toa mkono. Uchungu ule haukukaa kwenye ulimi. Ulipanda masikioni, ukashuka magotini. Machozi yalinitoka, na sijui yote yalikuwa ya mchunga. Nusu ya kikombe nikataka kupumzika, akasema, "Ule mpapai ulipumzika?" Nikamaliza. Akachukua kikombe, akakigeuza chini kuhakikisha. Halafu akainuka, akachukua kadi yake ya kliniki na kujifunga mtandio.

Tulikwenda zahanati kwa miguu, yeye upande huu wa barabara, mimi upande ule. Wanaotujua walidhani hatujaonana. Kipimo kilikataa kutaja namba, kwamba imezidi uwezo wake, na mhudumu akaacha kuandika alichokuwa anaandika. Wakampeleka hospitali, akatundikiwa maji, akakaa siku nne. Nilimpelekea uji usio na sukari, akala bila kuniangalia. Daktari alipomuuliza nani alimshauri aache dawa, alielekeza kidevu kwangu. Daktari akanitazama kama unavyotazama kitu kilichonata kwenye kiatu. Vidonge vinavyompasua tumbo wakampunguzia, wakamwambia avimeze katikati ya chakula na wataongeza polepole. Kumbe lilikuwa jambo la kuuliza tu. Miaka yote hiyo hakuuliza, na mimi niliyekuwa namsikia akilalamika nilimwambia akimbie kidogo, ni mazoezi.

Siku aliyotoka nilimrudisha kwake. Aliingia ndani, akafunga mlango. Saa za chakula zilipita, moshi ukatoka jikoni, harufu ya mnavu na nazi ikanifikia uani, na hakuna aliyenikaribisha. Kwetu mgeni akiondoka na njaa, hiyo ni barua. Niliisoma, nikaenda kusubiri gari.

Macho yamemrudia, si yote. Miguu anayo yote miwili. Mchunga bado anaupika, anamwaga maji ya kwanza nyuma ya jiko kama mama, na mimi naupika pia, na nitasema bila kulazimishwa kwamba ukiuungia karanga unalika. Sijapanda mpapai mwingine. Jirani nilimwendea nikamwomba radhi. Akasema yaliyopita yamepita, lakini kijiko changu alichoazima hajarudisha.

Yule bibi wa kanga ya kijani sijamwona tena. Kila siku ya kliniki nafika mapema, nakaa kwenye benchi, natazama miguu ya watu. Nimemuuliza muuguzi, akasema mabibi wenye kanga za kijani ni wengi. Nawaambia wote walio kwenye benchi, hata wasiouliza: maji yale sikunywa, nilidanganya, mezeni dawa. Wengine wanacheka. Wengine wanasogea mbali kidogo.

Na kila asubuhi nampigia dada yangu. Mwezi wa kwanza hakupokea. Mwezi wa pili alipokea, nasikia kuku wake tu. Sasa inakuwa hivi:

"Shikamoo dada."

Nasikia pakiti inapasuliwa, maji yanamiminwa, koo linapanda na kushuka. Simu ameisogeza makusudi ili nisikie.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Mwongo mkubwa we," anasema, halafu anakata. Marahaba hajanipa mpaka leo.